Nimepata fedha ya mara moja na nina madeni manne: nianze kupunguza lipi?

Mchapaji

Habari zenu wakuu.

Naendesha kampuni ya uchapaji: vitabu vya shule, lebo za bidhaa, kalenda msimu wake ukifika. Biashara inatembea na hatujawahi kuruka rejesho hata moja, lakini madeni yamefika mahali yananinyima usingizi. Nataka kuyapunguza kwa mpangilio, si kwa papara.

Ili tusihangaike na sarafu, chukulieni mauzo yangu ya mwaka mzima ni 100. Kwa kipimo hicho hali iko hivi.

Mkopo wa mashine kubwa umebaki 30. Riba yake haibadiliki na ndiyo kubwa kuliko zote. Imebaki miaka 4. Ovadrafti, yaani ruhusa ya benki kutoa zaidi ya salio langu, imefika 14, riba yake inapanda na kushuka, naitumia kununulia karatasi na wino. Wauzaji wa karatasi wananidai 9, nawalipa ndani ya siku 60 na hawanitozi riba. Mwisho kuna hisa: kampuni ina akaunti kwa dalali, hisa za thamani ya 20, ila 9 kati ya hizo tumekopeshwa na dalali mwenyewe. Riba ya mkopo huo ndiyo ndogo kuliko zote.

Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu ni 15. Juzi mteja mkubwa kalipa ankara ya zamani ambayo tulishaikatia tamaa, kwa hiyo nina taslimu 12 isiyo na kazi maalumu.

Mpango wangu ni kupeleka yote 12 kwenye mkopo wa mashine kwa kuwa una riba kubwa. Hisa niziache, zinapanda, na mkopo wake ni wa bei rahisi. Mhasibu wangu anakubali. Shemeji yangu aliyewahi kufanya kazi benki anatikisa kichwa tu, ukimuuliza sababu anasema "fikiria vizuri". Nawasilisha.

Kikokotoo

Mkuu, hesabu haina siasa. Panga madeni kwa riba, kubwa juu, ndogo chini, lipa kuanzia juu. Kila fedha unayoipeleka kwenye deni la riba ndogo wakati lile la riba kubwa bado linakula, unajipunja tofauti ya riba hizo mbili. Angalia tu kama mkataba wa mashine una faini ya kulipa kabla ya muda. Kama haina, au ni ndogo kuliko riba utakayookoa kwa miaka 4, mpango wako uko sawa. Mengine ni hofu.

Mzee wa Mizania

Shemeji yako hajakosea, ila angekusaidia zaidi angefungua mdomo.

Nimekaa benki, meza ya mikopo chechefu, ile isiyolipika vizuri, miaka mingi kabla ya kustaafu. Katika faili zilizopita mikononi mwangu, kampuni iliyozikwa na riba kubwa peke yake ilikuwa nadra. Riba kubwa inakukondesha, unalalamika, mwaka unapita, bado upo. Kinachoua ni siku ambayo mtu mwenye haki ya kudai fedha yake yote anaidai, na wewe huna. Kwa hiyo nikiletewa orodha kama yako, safu ya riba naisoma mwisho kabisa. Kwanza nauliza: katika hawa wanne, nani anaweza kuniamsha kesho akataka chake?

Tuwapitie.

Mwenye mkopo wa mashine hawezi, mradi unalipa rejesho na hujavunja masharti. Hilo la masharti nitalirudia.

Wauzaji wa karatasi hawawezi kukudai kabla ya siku 60. Wanachoweza ni kukunyima mzigo unaofuata, na hilo si dogo kwa mchapaji, lakini halitokei usiku mmoja.

Ovadrafti, toa ile barua ya ofa ya benki uisome yote, si ukurasa wa kiwango na riba tu. Karibu kila barua ya ovadrafti ina sentensi inayosema benki inaweza kudai ilipwe yote wakati wowote. Watu husaini wakidhani ni maneno ya kawaida ya wanasheria. Ni maneno ya kawaida, ndiyo, na nimeona yakitumika.

Dalali ndiye wa kuogopa zaidi, kwa sababu yeye hahitaji hata kukudai. Hisa zako 20, deni 9, chako ni 11, yaani asilimia 55. Tuseme mkataba wako unataka chako kisishuke chini ya asilimia 40 ya thamani ya hisa. Hisa zikishuka robo zinakuwa 15. Deni ni lile lile 9. Chako kinabaki 6, asilimia 40 kamili. Zikishuka zaidi ya hapo kidogo tu, unatakiwa uongeze fedha, la sivyo anauza. Na kile kiwango si amri ya mbinguni. Marekani, kwa mfano, kanuni inataka mnunuzi aanze na asilimia 50 yake mwenyewe na asishuke chini ya 25, lakini dalali anaruhusiwa kuweka kiwango cha juu kuliko hicho, kukipandisha soko likichafuka, na kuuza bila kukupigia simu. Soma wako unasemaje. Ule mkopo ni wa bei rahisi kwa sababu dhamana iko mkononi mwake tayari.

Sasa jiulize hisa hushuka robo wakati gani. Mara nyingi ni wakati ule ule wateja wanapochelewesha malipo, na benki zinapopitia upya ovadrafti za kila mtu. Madeni yako mawili yenye haki ya kudai leo yatadai msimu mmoja. Ukiwa umeshapeleka taslimu yote kwenye mashine, utasimama na deni dogo la muda mrefu, pongezi, na mfuko mtupu.

Mimi ningefanya hivi. Uza hisa za 9, funga mkopo wa dalali, ubaki na hisa 11 zisizodaiwa na mtu. Katika taslimu 12, peleka 8 kwenye ovadrafti, ibaki 6. Zile 4 ziweke akiba, tena kwenye benki nyingine, si hiyo inayokudai. Benki inayokudai kwa kawaida ina haki ya kuchukua salio la akaunti yako kufidia deni, na kuna wafanyabiashara wamegundua hivyo Ijumaa ya mishahara. Mkopo wa mashine uache uende mwendo wake.

Angalia uwiano. Leo madeni ya riba ni 53 juu ya faida 15, mara 3.5. Kwa mpango wako yatakuwa 41, mara 2.7, huku taslimu ni sifuri. Kwa mpango huu yanakuwa 36, mara 2.4, na una 4 mkononi.

Kikokotoo

Mzee, kwa heshima, hapo umechezea kipimo. Umeongeza mauzo ya hisa ambayo yeye hakuyaweka kwenye mpango. Na mimi naweza kuuza hisa nipeleke kwenye mashine, nipate 36 ile ile na riba ndogo zaidi.

Mzee wa Mizania

Ukiuza hisa, wa kwanza kupokea ni dalali, kabla hujagusa kitu. Ila hoja yako naikubali upande mmoja: kuacha mashine na kulipa ovadrafti kuna gharama, nayo ni tofauti ya riba zile mbili kwenye 8. Hiyo naihesabu kama ada ya bima. Unainunua ukiwa na afya. Siku ukiihitaji hakuna anayekuuzia.

Mtaji Mwepesi

Naomba kutofautiana na wote wawili. Kwa nini apunguze kabisa? Kampuni inalipa, haijaruka rejesho. Riba ya mkopo hutolewa kwenye faida kabla ya kodi katika nchi nyingi. Gawio la wanahisa halitolewi. Wachumi Modigliani na Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba katika soko lisilo na kodi wala gharama za kufilisika, mchanganyiko wa deni na mtaji haubadilishi thamani ya kampuni, na mwaka 1963 wakasahihisha upande wa kodi: deni lina nafuu yake. Ongeza mfumuko wa bei, unaolipunguza deni lenye riba thabiti bila wewe kufanya lolote. Anayekimbia deni anawaachia washindani nafasi ya kukua. Angeichukua ile 12 akanunua mashine ya kufunga vitabu, faida ipande kutoka 15, uwiano ushuke wenyewe. Uwiano una juu na chini, wakuu. Mnahangaika na juu tu.

Mzee wa Mizania

Umesema jambo la maana pale mwisho. Kweli uwiano hushuka kwa njia mbili, na kukuza faida ni njia njema kuliko kukata. Shida yake ni moja: faida ya mashine mpya inakuja polepole, inakuja labda, na wanaokudai hawasubiri "labda". Kuhusu Modigliani na Miller, umetaja mwenyewe sharti: bila gharama za kufilisika. Mimi nimelipwa mshahara na hizo gharama.

Sijasema deni ni baya. Chukua kampuni mbili kubwa ambazo habari zake ziko wazi. Mwisho wa mwaka 2006 Ford ilikopa takribani dola bilioni 23.6, ikaweka dhamana viwanda vyake na hata ile nembo yake ya yai la buluu. Watu walisema imechanganyikiwa. Mwaka 2009 General Motors na Chrysler zikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, Ford haikwenda, kwa sababu fedha iliikopa kabla masoko hayajafunga na muda wa kulipa ulikuwa mrefu. Mwaka huo huo wa 2009 ndipo ikapunguza deni kwa karibu dola bilioni 9.9, kwa kuwapa wadai wake taslimu na hisa wakubali kusamehe sehemu. Mwaka 2012 ikakomboa dhamana, nembo ikiwemo. Yaani iliongeza deni kwanza, deni la aina inayovumilia, ikapunguza baadaye kwa bei nzuri.

Upande wa pili ni Toys "R" Us, kampuni ya Marekani ya maduka ya vinyago. Mwaka 2005 ilinunuliwa na wawekezaji kwa fedha ambayo sehemu kubwa ilikuwa mkopo, na mkopo ukabebeshwa kampuni yenyewe. Ilikuwa ikilipa riba ya karibu dola milioni 400 kwa mwaka. Iliishi hivyo miaka 12! Ikafika Septemba 2017 na deni la takribani dola bilioni 5, sehemu ikikaribia tarehe ya kulipwa, na wauzaji wa bidhaa waliposikia harufu wakataka walipwe taslimu kabla ya kuleta mzigo wa msimu wa sikukuu. Ikaomba kinga ya mahakama mwezi huo. Bwana Mchapaji, ona wauzaji walivyofanya, wale ambao kwenye orodha yako wanaonekana wapole.

Sasa niingie kwenye masoko kidogo, maana hapo jambo hili linaonekana bila nguo.

Chukua mfuko wa uwekezaji wenye mali ya 100, mtaji wake 10, deni 90. Levereji, yaani mali ukiigawa kwa mtaji, ni mara 10, na mkopeshaji amesema isizidi hapo. Bei inashuka asilimia 3 tu. Mali inakuwa 97, deni ni lile lile 90, mtaji unabaki 7. Levereji sasa ni karibu mara 14. Mfuko haujakopa hata senti, lakini kwenye vitabu umekuwa mkopaji mkubwa kuliko jana. Ili urudi kwenye 10 na mtaji wa 7, unatakiwa ubaki na mali ya 70. Kwa hiyo lazima uuze 27. Hasara ya 3 imelazimisha mauzo ya 27. Bei ingeshuka 5, mtaji ungebaki 5, na mauzo ya lazima yangekuwa 45.

Weka mifuko mingine mingi yenye mali ile ile na sheria ile ile. Wote wanauza 27 siku moja. Anayenunua ni nani? Bei inashuka tena, si kwa sababu mali imeharibika bali kwa sababu wauzaji wamelazimishwa, na hesabu inaanza upya kutoka chini zaidi. Mchumi Irving Fisher aliliandika hili mwaka 1933, baada ya anguko la 1929, wakati ambapo watu walikuwa wamenunua hisa kwa kutanguliza hata asilimia 10 tu ya bei: wadaiwa wote wakikimbilia kulipa kwa pamoja, bei za vitu huanguka kiasi kwamba uzito wa deni lililobaki unaongezeka badala ya kupungua. Mfuko wa Long-Term Capital Management uliingia mwaka 1998 na mtaji wa karibu dola bilioni 4.7 juu ya mali ya zaidi ya bilioni 120, na ndani yake mlikuwa na washindi wawili wa Nobel. Septemba mwaka huo taasisi 14 zikachanga dola bilioni 3.6 kuudaka usianguke.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko wote ni wa mifuko ya pensheni ya Uingereza, Septemba 2022, kwa sababu wale hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa na hatifungani za serikali, mali tulivu kabisa, na mikataba ya kukopea hatifungani ili mali yao iendane na pensheni za miaka mingi mbele. Serikali ikatangaza bajeti ndogo tarehe 23, riba za hatifungani zikaruka, bei zikaanguka. Sasa sikiliza: riba zikipanda, thamani ya pensheni watakazolipa baadaye hupungua, kwa hiyo kwa hesabu ya muda mrefu mifuko mingi ilikuwa imepata nafuu. Lakini mikataba ilidai dhamana zaidi, ndani ya siku, taslimu. Wakauza hatifungani ili walete taslimu, bei zikaanguka zaidi, wakadaiwa tena. Tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikaingia kununua, ikitenga hadi pauni bilioni 65, ikaishia kununua kama bilioni 19.3. Watu wenye mali ya kutosha, wenye hesabu nzuri, walikuwa hatarini kwa sababu ya haki ya mtu mmoja kudai leo.

Ndiyo maana, Mtaji Mwepesi, mimi na wewe hatubishani kuhusu kiasi. Ungeniambia ana deni la 60 lote la miaka 7 na taslimu ya miezi mitatu, nisingeandika hata mstari.

Bi Ankara

Nimewasoma wote, mmejaa nondo, lakini mimi naangalia ile ovadrafti 14 na swali langu ni la kipolisi: imetoka wapi? Natunza vitabu vya kiwanda cha samani. Ovadrafti kwa kawaida haizaliwi na hasara. Inazaliwa stoo na kwenye rafu ya ankara.

Ndugu Mchapaji, kesho ingia stoo na mtu wa karatasi, mhesabu kwa gramu na kwa ukubwa. Nina hakika kuna marobota ya karatasi ya lebo yaliyonunuliwa kwa kazi ambayo mteja aliifuta, na mtu anasema "itafaa tu siku moja". Hiyo ni ovadrafti yako imelala pale, inalipiwa riba. Iuze kwa mchapaji mwenzako hata kwa hasara kidogo.

Halafu angalia ankara zinatoka lini. Kwetu zilikuwa zinatoka mwisho wa mwezi, kwa mazoea. Mzigo umeshushwa tarehe 3, ankara inaandikwa tarehe 30, mteja anaanza kuhesabu siku zake 30 kutoka hapo. Umemkopesha siku 27 za bure bila hata kukuomba. Sasa kwetu dereva akirudi na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa, ankara inatoka siku hiyo hiyo, vinginevyo nampigia mtu simu mimi mwenyewe. Ovadrafti ilianza kushuka bila kuuza kitu chochote.

Kazi kubwa kama vitabu vya shule, omba malipo ya awali yanayotosha karatasi. Wengine watakataa. Wengi hawatakataa, hawakuwahi kuombwa tu.

Jambo moja usifanye: usiwavute wauzaji wa karatasi kutoka siku 60 hadi 90 ukajiona umepunguza deni. Umelihamisha mahali ambapo halionekani kwenye uwiano. Tena waulize kama wana punguzo la kulipa mapema. Asilimia 2 ukilipa siku ya 10 badala ya siku ya 60 ni faida ya asilimia 2 kwa siku 50, kwa mwaka ni karibu asilimia 15. Ilinganishe na riba ya ovadrafti yako, kama ovadrafti ni rahisi kuliko hapo, lipa mapema.

Mzee wa Mizania

Bi Ankara, ungekuwa meza yetu tungemaliza faili nusu ya muda.

Mchapaji

Wakuu, asanteni sana, kweli nimekaa chini na makaratasi. Majibu mafupi.

Bi Ankara, marobota yapo. Siyo ya lebo, ni ya kalenda, makubwa, ya msimu uliopita. Na ankara zetu zinatoka Ijumaa kwa Ijumaa, nilidhani tuko haraka.

Mzee, ovadrafti ina sentensi ile ile uliyoisema, neno kwa neno. Mkataba wa dalali unamruhusu kubadilisha kiwango bila taarifa. Ila kilichonishtua ni mkataba wa mashine. Kuna sharti kwamba madeni yote ya riba yasizidi mara 4 ya faida, wanapima kila nusu mwaka. Na kuna kifungu kwamba nikivunja sharti la mkopo wowote, popote, huu nao unahesabika umevunjwa. Leo niko 3.5. Lakini zabuni moja ya lebo inaisha na sijui kama itarudi. Isiporudi faida inakwenda 13. Kwa madeni ya 53 hapo ni 4.08.

Maswali mawili. Kuna kampuni imesema itainunua mashine yangu kubwa kisha inikodishie niendelee kuitumia, nifute mkopo wote wa 30 kwa mkupuo. Je, hiyo si ndiyo njia rahisi? Pili, benki niiambie sasa au nisubiri kwanza kama zabuni itarudi?

Kikokotoo

Kile kifungu kinabadilisha hesabu yangu. Kama deni dogo linaweza kuliamsha kubwa, riba siyo safu ya kwanza tena. Uza hisa.

Mzee wa Mizania

Mashine kwanza. Kuuza na kukodi kunaleta taslimu, sawa, lakini kodi ya kila mwezi ni ahadi kama rejesho lilivyo. Tangu mwaka 2019 kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 16, kinataka mikataba ya namna hii iingizwe kwenye mizania kama deni. Kwa hiyo uliza mambo mawili kabla ya kusaini: kodi za miaka yote ukizijumlisha ni kiasi gani ukilinganisha na rejesho lililobaki, na mikataba yako mingine inahesabu ukodishaji kuwa deni au haihesabu. Kisha jiulize la tatu: miaka 4 ijayo mkopo umekwisha na mashine ni yako, ukikodi, miaka 4 ijayo una nini? Kwa mtu aliyebanwa kooni ningesema fanya. Wewe hujabanwa.

Benki. Iambie, lakini kwa mpangilio. Wiki hii uza hisa, funga akaunti ya dalali. Punguza ovadrafti. Hapo madeni ni 36. Hata faida ikishuka hadi 13 uko mara 2.8, mbali na 4. Ndipo uende, zabuni ikiwa bado haijajulikana. Mtu anayekuja kuomba nafasi kabla ya tatizo, akiwa ameshapunguza deni kwa fedha yake mwenyewe, huwa tunamsikiliza. Anayekuja baada ya kuvunja sharti, anakabidhiwa kwa watu wa meza yangu, na sisi mazungumzo yetu yalikuwa ya aina nyingine.

Omba vitu viwili tu. Cha kwanza, ile 6 ya ovadrafti iliyobaki, sehemu isiyoshuka kamwe hata mwezi mzuri, igeuzwe mkopo wa miaka miwili au mitatu wenye rejesho. Hata kama riba itapanda kidogo, chukua. Cha pili, kikomo cha ovadrafti kisikatwe kwa sababu tu umelipa. Benki hupenda kukupunguzia kikomo siku unayoonyesha huhitaji. Ukikubaliwa kwa mdomo hujakubaliwa. Subiri barua.

Na gawio mwaka huu, acha. Usiombe nafuu kwa mkono mmoja huku mwingine unagawa faida, wataliona kwenye taarifa za akaunti kabla hujaketi.

Kabla ya kwenda, tengeneza jedwali la fedha inayoingia na kutoka kwa wiki 13, wiki kwa wiki, taslimu tupu, si faida. Andika mteja atakapolipa kweli, si tarehe ya ankara. Ukilijaza, liweke hapa bila majina. Mimi nitaanza na wiki ya 9, maana malipo ya karatasi ya siku 60 na mishahara ya mwisho wa mwezi wa pili vinakutana hapo, na nataka kuona kama ile akiba ya 4 inavuka.

Bi Ankara

Na marobota ya kalenda usiyaandike kama fedha inayoingia mpaka mtu ayabebe.